Chuo cha kanisa kilichonifungia mlango Krismasi

Nasema wazi kabla sijasema lingine: kama unafikiria kwenda kusoma kwenye kile chuo kidogo cha Kilutheri kule Minnesota, au chochote cha aina yake, na huna ndugu Marekani wa kukupokea, usiende. Jina lake silitaji kwa sababu bado kuna wadogo zetu pale, na karatasi zao za viza zinapita kwenye ofisi zile zile ninazotaka kuzisema hapa.

Ada, kozi, idadi ya wanafunzi, hayo yote utayakuta kwenye tovuti yao pamoja na picha za majani mekundu ya Oktoba. Mimi nataka kuzungumzia mlango.

Kwetu ni Iringa. Usharikani kwetu, mgeni kutoka Minnesota si habari mpya. Dayosisi ya Iringa na sinodi ya Saint Paul wana ushirika wao unaoitwa Bega kwa Bega tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla mimi sijazaliwa. Wanakuja kwa makundi, wanajifunza kusema kamwene, wanalala majumbani kwa wazee wa kanisa. Nyumbani kwetu wamelala pia. Mama aliwatolea shuka za harusi yake, tukachinja kuku, sisi watoto tukahamia kwa bibi. Hakuna aliyewauliza kwa nini wamekuja wala wanaondoka lini. Kwa hiyo niliposikia kuna chuo cha kanisa huko kwao, chuo ambacho kila ukurasa wa kijitabu chake una neno jumuiya, nilidhani naenda kwa watu ninaowafahamu.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, sikatai. Balaa lilikuwa mwaka wa pili, zile siku za mitihani ya Desemba. Tulitumiwa barua pepe kwamba mabweni yatafungwa kesho yake baada ya mtihani wa mwisho, saa sita mchana, na hayatafunguliwa mpaka muhula mfupi wa Januari. Anayetaka kubaki ajaze fomu. Nilijaza, tena mapema kuliko wengi, na ujumbe wa kuthibitisha kwamba imepokelewa ninao mpaka leo. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya sababu ya kubaki: timu ya michezo, utafiti na mwalimu, mafunzo kwa vitendo, au nyingine, eleza. Nikaeleza: kwetu ni Tanzania.

Siku ya kufunga nilikwenda maktaba kurudisha vitabu. Niliporudi bwenini nikagusisha kadi mlangoni, ikawaka taa nyekundu. Nikaifuta kwenye suruali, nikagusisha tena. Nyekundu. Mlango wenyewe ni wa kioo, kwa hiyo nilikuwa naona ndani kote: makochi, mbao za matangazo, na mti wa Krismasi unaomulika taa zake kwenye ukumbi usio na mtu. Chumbani kwangu ghorofa ya pili kulikuwa na pasipoti yangu, dawa zangu, kila kitu. Nje kulikuwa na nyuzi ishirini chini ya sifuri. Asiyewahi kusimama kwenye baridi ile hawezi kujua kwamba hata simu inakufa mkononi ikiwa na chaji nusu. Yangu ilikufa.

Nikakimbia hadi ofisi ya makazi. Yule mama wa pale alikuwa ameshavaa koti, anazima kompyuta. Nikamweleza. Akaiwasha tena kwa shingo upande, akatafuta jina langu, akasema ombi langu halikukamilika.

"Limepungukiwa nini?"

"Hukuandika sababu."

"Niliandika. Niliandika kwetu ni Tanzania."

Hakuinua hata macho. "Hiyo ni anwani," akasema, "siyo sababu."

Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo polepole. Nauli ya kwenda na kurudi Dar kipindi cha Desemba inapita dola elfu mbili, na hiyo kabla hujapanda basi la Iringa. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kuwa Tanzania ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine inayohitajika! Akaniuliza kama sina rafiki wa kwenda kukaa kwake, maana wenzangu wote wamepata pa kwenda. Kisha akasukuma mbele yangu kikaratasi chenye namba ya hoteli ya barabara kuu, akaniruhusu nisindikizwe na mlinzi kutoa mizigo. Nikapewa dakika za kukusanya vitu kama mpangaji aliyeshindwa kodi.

Wengi mtasema, si ungelipa tu hoteli? Hapo ndipo wazazi wa kwetu hawaelewi mambo yanavyokwenda. Kwa viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, kazi unayoruhusiwa kufanya hivi hivi ni ya ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki muhula unapoendelea. Likizo sheria inakuruhusu ufanye muda wote, lakini kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo kwenye bwalo la chuo, na bwalo lilikuwa limefungwa pamoja na mabweni. Nje ya chuo, bila kibali maalumu, kuosha sahani hata moja kwenye mgahawa wa mjini ni kuvunja masharti ya viza. Kwa hiyo siku chuo kinapofunga, umepoteza kitanda, chakula na mshahara kwa mpigo mmoja, na hakuna mlango mwingine wa halali wa kubisha siku hiyo hiyo. Mwanafunzi wa pale pale Minnesota anaendeshwa nyumbani na baba yake. Ofisi inayoshindwa kuona tofauti hiyo isijiite ya kanisa.

Nilikuwa nimeketi juu ya sanduku kwenye kituo cha basi, giza limeanza kuingia ingawa ni saa kumi na nusu tu, nikasikia Kiswahili. "Wewe msichana, unangoja nani hapa na baridi yote hii?" Alikuwa mama wa Kisomali anayefanya usafi katika jengo la sayansi. Wasomali ni wengi sana Minnesota, na huyu alikuwa ameishi Eastleigh, Nairobi, miaka mingi kabla ya kupelekwa Marekani. Tulikuwa tunapishana kwenye korido kila wiki na sikujua anazungumza lugha yangu. Nikamweleza huku meno yanagongana. Hakuuliza sababu yoyote. Alichukua sanduku, akaliweka kwenye gari lake, akaniambia, "Twende, mwanangu, utalala na wasichana wangu."

Nilikaa kwake likizo yote. Fleti ndogo, watoto wengi, anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai ya maziwa yenye iliki kila asubuhi. Siku ya Krismasi yenyewe alipika wali wa nyama ya mbuzi, akasema leo ni sikukuu yako, wewe ndiye utakayepakua kwanza. Kuna saa ile familia yake inaposwali sebuleni mimi nilikuwa nakaa jikoni nasoma Luka kwenye simu, na hakuna aliyemwona mwenzake ni kero.

Januari niliandika malalamiko. Jibu lilitoka ofisi ya mkuu wa wanafunzi, aya mbili, kwamba wanasikitika kwa namna nilivyojisikia. Namna nilivyojisikia! Sikuwa nimeandika habari ya kujisikia, niliandika habari ya kadi iliyozimwa na fomu iliyopokelewa. Hakuna aliyeeleza nani aliisoma ile fomu wala kwa nini aliamua Tanzania si jibu.

Halafu ikaja Pasaka. Mchungaji wa chuo, mtu mwema kabisa ambaye hakuwepo kipindi kile, alinifuata akaniomba niwafundishe wanakwaya kutamka Mfurahini, Haleluya. Wimbo huo umo kwenye kitabu chao chekundu cha nyimbo cha 2006, namba 364, kwa Kiingereza. Maneno ni ya Mchungaji wetu Bernard Kyamanywa, ya miaka ya 1960. Walitaka safari hii waimbe kwa Kiswahili. Damu ilinichemka. Mnautaka wimbo wetu madhabahuni, na mwenye wimbo mlimwacha kituo cha basi? Nilimwambia hivyo hivyo, maneno hayo hayo. Aliketi chini, akanisikiliza mpaka mwisho, akalia. Ndiye mtu pekee wa chuo kile aliyewahi kuniambia tulikukosea.

Nikawafundisha. Sikuweza kuvumilia uimbwe vibaya. Asubuhi ya Pasaka kanisa la chuo lilijaa mpaka ngazini, ngoma ikapigwa, wale vijana warefu wenye majina ya Kinorwe wakaitamka ile haleluya vizuri kuliko nilivyotegemea, na mimi nikaimba mpaka sauti ikakauka. Kwa saa nzima nilikuwa nimewasamehe wote, pamoja na yule mama wa ofisini.

Na hapa ndipo ninapovurugwa, maana nikisema chuo kile ni kibovu nitakuwa nadanganya. Masomo yake sijayaona kwingine. Mwaka wa kwanza hulazimishwi kuchagua fani. Nilisoma falsafa, jiolojia na historia ya dini kwa wakati mmoja, darasani hatufiki ishirini, mwalimu anakujua kwa jina na anakuita ofisini kwake mbishane juu ya aya moja ya insha yako mpaka chai inapoa. Kule nilijifunza kumwambia mwalimu hapana na kumpa hoja. Mwalimu wangu wa jiolojia aliposikia yaliyonipata Desemba alikasirika kuliko mimi, akanipa ufunguo wa nyumba yake siku hiyo hiyo, na ninao bado. Ningesoma tena pale? Kwa ajili ya wale walimu, ndiyo. Nafikiri ndiyo.

Lakini Novemba iliyofuata barua pepe ilikuja tena. Fomu ile ile, na safari hii wameongeza chaguo la mwanafunzi wa kimataifa. Nikafurahi kwa sekunde chache, kisha nikashuka chini ya ukurasa: atakayebaki atalipa kwa kila usiku, na bwalo litabaki limefungwa. Yaani sasa anwani yangu imekuwa sababu, sababu ya kunitoza. Nilifunga kompyuta nikaenda kutembea kwenye theluji ili nisijibu kwa maneno ya kunifukuzisha.

Mdogo wangu wa kiume amepata nafasi pale pale. Mama ananipigia aniulize aende au asiende, na ndani ya wiki moja nimeshampa majibu yote mawili. Kwa hiyo nimewaandikia ofisi ya udahili: Desemba atalala jengo gani, atakula wapi, atalipishwa nini, na kadi ikigoma usiku ni nani atakayepokea simu. Nimetaka jibu la maandishi lenye jina la mtu chini yake. Likija hivyo, ile ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, nitamlipia mimi mwenyewe. Mpaka leo hawajajibu.