Uzoefu wangu na dawa za mitishamba za selimundu hapa Dodoma

Nimezaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na ninaishi Nkuhungu. Miezi ya Juni na Julai, upepo ukiwa mkavu na alfajiri ikiwa na baridi kali, ndiyo inayonitesa zaidi mgongo na magoti, na ndiyo miezi ambayo ndugu na majirani hawaachi kuniletea dawa. Nitazisemea tatu nilizozitumia. Zote nilizitumia huku nikiendelea na vidonge vya kliniki, haidroksiyurea na foliki asidi.

Naanza na ile ya chupa, maana ndiyo yenye maneno mengi. Muuza dawa mmoja sokoni alinipa chupa ya maji ya kunywa aliyoijaza dawa nyeusi, chungu, isiyo na lebo yoyote.

"Kikombe cha kahawa asubuhi na jioni, mwanangu. Inasafisha damu yote. Vile vidonge achana navyo."

"Babu, ndani mna nini?"

"Mizizi saba."

Nilipotaka kujua ni mizizi ya miti gani, akasema hiyo ni siri ya ukoo. Vidonge sikuacha. Dawa ilinifungulia tumbo vibaya sana. Mtu mwingine akiharisha anaona kero tu, lakini sisi mwili ukipungukiwa maji, chembe nyekundu nyingi zaidi zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yanaanza. Yangu yalianza usiku uleule, mapajani. Iliyobaki niliimwaga.

Kinachoniuma hasa ni hilo la kuacha vidonge. Haidroksiyurea huufanya mwili uongeze hemoglobini ya uchangani, yaani ile ya damu ya mtoto mchanga, ambayo haizifanyi chembe zijikunje. Ugonjwa wenyewe tumeurithi kwa baba na mama, wote wawili, na damu yetu inatengenezwa hivyo tangu kwenye uboho ndani ya mifupa, kwa hiyo hakuna cha kusafisha. Kinachoweza kuuondoa ni kupandikizwa uboho, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapahapa Dodoma imeshaanza kutoa huduma hiyo.

Sisemi mitishamba ni bure. Nigeria walitengeneza dawa ya selimundu iitwayo Niprisan kwa mimea minne, mtama na karafuu zikiwemo. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilionekana kupunguza vipindi vya maumivu makali, ila upungufu wa damu haikuupunguza. Dawa ile mimea yake inajulikana na ilipimwa. Ndiyo maana siku hizi muuzaji namuuliza kwanza kama yeye na dawa yake wamesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Akianza kuzunguka, naondoka.

Ya pili ni unga wa majani ya mlonge, kutoka kwa shangazi yangu wa Chamwino. Anayakausha kivulini, anayatwanga, anayachekecha. Mimi natia kijiko kwenye mlenda unapokaribia kuiva, nakula na ugali wa uwele. Ni mboga nzuri, inashibisha, tumbo halisumbui. Maumivu sijaona yakipungua kwa sababu yake, na kipimo cha damu kimebaki palepale. Naupenda kama chakula. Wale wanaouza mlonge au kitu kingine kwa jina la "kuongeza damu" wanatuchanganya: upungufu wetu unatokana na chembe kufa mapema, na aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana madini ya chuma ya kuzidi mwilini. Asianze dawa ya chuma kabla daktari hajampima.

Ya tatu ni choya, yaani rozela, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sababu yake ni ndogo: inaninywesha maji. Maji matupu wakati wa baridi yananishinda, lakini choya vuguvugu namaliza chupa ya chai nzima bila kujilazimisha. Nanunua iliyokauka Soko la Majengo, nachagua yenye wekundu wa kuiva na isiyo na mchanga, naosha, nachemsha kidogo na tangawizi, sukari kiasi tu. Wenye presha ya kushuka waulize kliniki kwanza, kwa sababu choya huishusha zaidi.