Chanjo ya protini au ya jeni: ipi itafika Liwale?
Mtoto wa Liwale, mkoani Lindi, akichomwa pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano) pajani akiwa na wiki 6, mojawapo ya anavyopewa ni protini: kipande cha kirusi cha homa ya ini B, kilichotengenezwa kiwandani kwa hamira. Mwili unakiona, unatoa kingamwili. Basi.

Chanjo ya jeni huleta maelekezo tu. Seli zetu ndizo zinazokitengeneza kipande. Kwa kuwa kinazalishwa ndani, huamsha vizuri hata chembe nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa. Tena kirusi kikibadilika, maelekezo hurekebishwa upesi. (Na hapana, haibadilishi jeni zetu: mRNA, molekuli inayobeba maelekezo hayo, haiingii kwenye kiini cha seli.)

Tatizo baridi. Chanjo ya mRNA ya Pfizer ya 2020, ya UVIKO-19, ilitaka nyuzi -70. Pentavalenti yatosheka na 2 hadi 8, kwenye kisanduku cha barafu nyuma ya pikipiki. Kwa barabara ya Nangurukuru–Liwale wakati wa masika, mimi bado niko na protini.