Wiki sita za kujifunza gofu Dar es Salaam: shimo kwanza, fimbo ndefu baadaye

Kwa wiki sita, kila Jumamosi saa 12:30 asubuhi, nimehudhuria mafunzo ya gofu ya wanaoanza yanayotolewa na mwalimu anayejitegemea hapa jijini. Kwa kuwa nina la kumsifu na la kumlalamikia, jina lake sitalitaja. Wengi wetu tunaijua gofu kwa kuchungulia viwanja vya Gymkhana tukiwa njiani, au kwa kusikia matokeo ya mashindano ya uwanja wa jeshi wa Lugalo, na mimi niliamini kwamba mchezo huu ni kupiga mpira mbali tu.

Mwalimu aliiondoa imani hiyo siku ya kwanza. Alitupeleka moja kwa moja kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi linalozunguka shimo, akampa kila mmoja fimbo ya kusukumia mpira, tukaanza kwa umbali wa hatua moja, kisha mbili, kisha tano. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: uwanja wa mashimo 18 wenye kiwango cha mikwaju 72 humtengea mchezaji misukumo miwili katika kila shimo, ambayo jumla yake ni 36, nusu kamili ya mchezo. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, na ukilitazama ukiwa umesimama hatua mbili tu kutoka hapo, linaonekana dogo kuliko kikombe cha kahawa. Nilikosa mara nne mfululizo, na tangu hapo sikuuliza tena ni lini tutapewa fimbo ndefu.

Wiki ya tatu ndiyo iliyostahili ada yote. Tulipewa fimbo ya chuma namba 7, na kila mmoja wetu alifanya kosa lilelile la kujaribu kuuchota mpira ili upae, fimbo ikagonga ardhi nyuma yake na mpira ukabingirika hatua chache. Mwalimu alichora mstari wa chokaa kwenye nyasi bila kuweka mpira wowote, akatutaka tupige hadi udongo uanze kuruka mbele ya mstari, upande wa shabaha. Alieleza kwamba uso wa chuma umelazwa nyuma kwa makusudi, hivyo kuinua mpira ni kazi ya fimbo, na kazi ya mchezaji ni kushuka nayo. Kuhusu mikono, alisema fimbo ishikwe kama mkono wa mtoto unayemvusha barabara: asichoponyoke, wala asiumie. Katika joto letu, viganja vikilowa jasho, glavu ya mkono wa kushoto kwa anayetumia kulia si pambo.

Malalamiko yangu ni mawili. Tuliambiwa kundi litakuwa la watu wanne, tukajikuta tisa, na siku mbili nilipiga mipira isiyozidi ishirini kwa sababu ya kusubiri zamu. Pia gharama ya mipira ya mazoezi ilitajwa baada ya sisi kulipa ada, jambo ambalo halikustahili kufichwa.

Anayetaka kuanza asikimbilie kununua seti nzima. Kanuni zinaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini kwa wiki zote sita nilitumia tatu tu, za kuazima. Avae shati lenye kola, kwa kuwa viwanja vingi havipokei fulana wala jinzi, na achague saa za asubuhi, kabla upepo wa baharini haujachachamaa.

Jumamosi ya mwisho tulicheza shimo moja fupi. Mpira wangu wa kwanza uliishia majanini, wa pili ukatua kwenye grini, na nikaumaliza kwa misukumo miwili, kama hesabu ilivyotaka. Nimekwisha kulipia awamu ya pili, safari hii kwa makubaliano ya maandishi kwamba kundi halitazidi watu wanne na kwamba mipira imo ndani ya ada.