Miezi minane ya kulipia siku kwa siku: uzoefu wangu kwenye uwanja wa gofu wa mashimo tisa

Nianze na grini ya sita, yaani ile nyasi fupi inayozunguka shimo la sita, kwa sababu ndiyo iliyonisukuma kuandika. Januari, nilipoanza kwenda pale, ilikuwa nzuri kuliko zote tisa. Imeinuka kidogo mgongoni, nyuma yake kuna mikaratusi, na mpira ukitua unausikia udongo ulioshiba maji. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa rangi ya gunia. Ukikanyaga, inavunjika kama mkate mkavu.

Mimi ni fundi wa pampu za maji, naishi Kisumu. Nilipokuwa mtoto nilibeba mifuko ya wachezaji wakati wa likizo ili nipate pesa za madaftari, lakini sikuwahi kupiga mpira hata shimo moja mpaka nilipotimiza miaka 41. Uwanja ninaouzungumzia uko huku magharibi, nauli ya matatu moja kutoka mjini. Jina nalihifadhi, kwa kuwa wanaoufanyia kazi ni watu wema na shida yenyewe si yao peke yao. Umekaa kwenye ardhi ya umma iliyokodishwa kwa klabu, na siku za wiki mtu yeyote anaweza kulipa dirishani akacheza. Uanachama sijachukua. Kiingilio chake ni karo ya mtoto wangu ya mwaka mzima, na baina ya hivyo viwili sina cha kuchagua.

Kwa siku nalipa shilingi 1,200, na kedi, yaani mbeba mfuko, 500. Vijiti nilikodi mara nne za kwanza, kisha nikanunua seti ya mitumba. Za kukodi hazifai: vishikio vimelainika hadi vinateleza mkononi, na mfuko wa kwanza niliopewa haukuwa na kijiti cha kumalizia kwenye grini. Walinitafutia, lakini ilichukua muda.

Makedi ndio sababu ya kwanza ya mimi kurudi. Ninayetembea naye ni kijana wa miaka 22, na siku ya kwanza aliniona nimechuchumaa nikilitazama shimo kwa muda mrefu.

"Bosi, usiangalie shimo. Angalia nyasi imelala wapi."

Nikamwambia aniite kaka, mimi pia nimebeba mifuko hiyo hiyo. Akapitisha kiganja juu ya nyasi, akanionyesha upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Ikiwa imelala kuelekea shimoni, mpira utakimbia; ikiwa imelala kuelekea kwako, ongeza nguvu. Hilo sikuwahi kulijua miaka yote niliyobeba mifuko, kwa sababu enzi zetu kedi alinyamaza. Huyu anafundisha, na anafundisha kwa heshima. Kama unaanza gofu na unaogopa kuchekwa, nenda kwa makedi wa pale bila wasiwasi.

Sasa pampu.

Asiyecheza gofu huona uwanja wote ni nyasi tu. Lakini grini hukatwa fupi mno, milimita nne hivi, tena karibu kila siku. Nyasi iliyokatwa namna hiyo ina mizizi mifupi. Haina akiba. Jua la Februari la huku kwetu likiipata bila maji siku chache, imekwisha, hata kama nyasi ndefu iliyo mita mbili pembeni yake bado ni kijani. Kwa hiyo moyo wa uwanja wa gofu ni bomba la maji na mashine yenye visu vikali. Hayo mengine yote, mabango, viti, rangi ya ukumbi, yanaweza kusubiri.

Maji ya pale yanatoka kwenye bwawa dogo chini ya shimo la tatu. Mwishoni mwa Januari nilikuwa napita nikasikia mlio ninaoujua vizuri kuliko sauti ya simu yangu: pampu inayovuta hewa. Nikaomba ruhusa nikashuka kuangalia. Vali ya chini, ile inayokaa majini na chujio lake, ilikuwa imekwama wazi kwa sababu ya majani. Ukizima pampu, maji yote yaliyo kwenye bomba yanarudi bwawani. Ukitaka kuwasha tena, lazima ulijaze bomba upya kwa ndoo. Mzee anayeshughulikia maji alikuwa anapoteza karibu saa nzima kila asubuhi kwa kazi hiyo, na maji yalipoanza kupanda jua lilikuwa limeshakuwa kali. Akawa anaanza na grini ya kwanza, na kila siku anaishia ya nne au ya tano. Ya sita ilikuwa inakufa kwa hesabu, si kwa uzembe.

Kwangu hiyo ni kazi ya nusu siku. Ufukweni Kisumu nazibua vali zilizojaa magugu maji kila wiki. Niliandika bei ya vali mpya, haikufika shilingi 10,000, na ufundi nikasema nitatoa bure. Vali ilinunuliwa baada ya wiki tisa.

Niliuliza ni kwa nini, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jibu ndilo jambo lenyewe. Mama wa ofisini, ambaye namheshimu kwa ukweli wake, alinieleza bila kunizungusha. Pesa ninayolipa dirishani inaingia kwenye akaunti moja na ya baa, ya jikoni na ya ukumbi wa harusi. Kutoka hapo inalipwa stima, kisha mishahara, kisha wanaoleta vinywaji maana wasipolipwa hawaleti. Nyasi haileti ankara. Nyasi haitishi kukata huduma. Inapata kinachobaki, na mwezi wa Februari hakikubaki kitu.

"Baba, risiti yako imeandikwa gofu," aliniambia, "lakini shilingi haijui imetoka wapi."

Hilo neno nimelibeba hadi leo. Vali ya chini ya shilingi 10,000 ilisubiri, na grini ya sita ikabidi ifumuliwe yote. Walitoa udongo wa juu, wakaleta mchanga, wakapanda vipande vya nyasi kwa mkono, wakaufunga upande ule kwa miezi. Watu sita walifanya kazi ile kwa majuma. Sihitaji kupewa hesabu ili nijue kipi kilikuwa ghali zaidi.

Rafiki zangu wa Kisumu na Nakuru nikiwasimulia, wengi husema: si kaunti ichukue iwe ya umma? Wazo silikatai. Viwanja vyetu vinavyojulikana, wa Nakuru wa mashimo 18 chini ya Menengai, wa Kisumu karibu na ziwa, vyote ni vya klabu za wanachama. Vingi vya huku magharibi na Bonde la Ufa vilikulia kando ya mashamba ya chai na viwanda vya sukari, na kampuni ikiyumba, nyasi huhisi mapema. Mumias ndiko anakotoka Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wa kulipwa waliotuletea fahari, na kiwanda cha sukari cha huko kiliwekwa mwaka 2019 chini ya meneja mrasimu, yaani anayeshika kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Kisumu ni jiji tangu 2001, Nakuru tangu Desemba 2021, na Jedwali la Nne la Katiba linaziachia kaunti viwanja vya michezo, bustani na sehemu za burudani. Kwa hiyo mlango upo.

Lakini kaunti ikichukua uwanja kama mambo yalivyo, vali itasubiri zaidi ya wiki tisa. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema mapato yote ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale ambayo sheria ya Bunge imeyaruhusu yawekwe kando. Yaani 1,200 yangu itaondoka uwanjani, itakwenda makao makuu, na itarudi tu ikiwa bunge la kaunti limeipitisha kwenye bajeti. Kifungu hicho kina sababu nzuri, kinazuia pesa kupotelea mikononi mwa wanaozikusanya. Ila nyasi ya milimita nne haingoji mwaka wa fedha.

Hospitali zetu zilikuwa na kilio hiki hiki. Mgonjwa analipa dirishani, pesa inakwenda kaunti, na glavu hakuna. Ndipo Bunge likapitisha mwaka 2023 sheria inayoviruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na wanachokusanya na kukitumia pale pale, kwa usimamizi na ukaguzi. Sisemi gofu ni sawa na wadi ya wazazi. Nasema njia imeshapasuliwa, na kaunti ikitaka kweli kuendesha viwanja vya umma, vya gofu, vya kuogelea, vya mpira, iombe njia ya namna hiyo kabla ya kukata utepe.

Nimekesha usiku kadhaa nikisoma wenzetu wanafanyaje. San Diego, Marekani, uwanja wa Torrey Pines ni mali ya jiji, na US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, imechezwa pale mwaka 2008 na 2021. Ada za wachezaji zinaingia kwenye mfuko wa gofu wenyewe, na mkazi wa jiji analipa kidogo kuliko mgeni. Mgeni ndiye anayembeba jirani. St Andrews, Scotland, walikwenda mbali zaidi: ardhi ni ya umma, na sheria ya Bunge lao ya 1974 ilikabidhi viwanja kwa wadhamini ambao hawagawani faida. Kinachopatikana kinarudi kwenye nyasi. Kilichonigusa kuliko yote ni kwamba Jumapili uwanja wao mkongwe haufungui gofu isipokuwa kwa mashindano makubwa, na wananchi wanatembea humo na watoto na mbwa wao.

Nimeligusa hilo kwa makusudi, kwa sababu kuna hoja dhidi yangu ambayo ni nzito na siwezi kuiruka. Mashimo tisa yanakula ardhi ya hekta 20 na zaidi. Uwanja wa kandanda hauli hata hekta moja. Pale ninapochezea, nje ya ua wa upande wa shimo la nane, watoto wanapiga mpira wa karatasi kwenye barabara ya vumbi, boda boda zikiwapita. Kila mara nikifika shimo hilo nafsi yangu inasumbuka. Siwezi kudai nyasi itunzwe kwa pesa ya umma huku watoto hao wakiitazama kupitia waya. Uwanja ukiwa wa jiji, uwe na siku ya kutembea bila kulipa, uwe na bei ya mkazi inayolipika kwa mshahara wa fundi, na makedi na watoto wa mtaa wawe na saa zao za kucheza zilizoandikwa, si za kuombwa. Bila hayo ningemwelewa diwani anayetaka nyumba zijengwe pale.

Pale tayari kuna mwanzo wa hilo. Jumatatu, uwanja ukiwa mtupu, makedi wanaruhusiwa kucheza. Nimewatazama. Wengi wana mkono mzuri kuliko wanaolipa.

Mengine kwa ufupi. Vyoo ni safi. Mke wangu alikuja mara mbili, chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake kilikuwa kimegeuzwa stoo ya meza. Walikifungua tulipouliza, lakini isingebidi kuuliza. Chai ni nzuri, kuku wa kienyeji huchelewa sana, agiza kabla hujaanza shimo la saba. Mvua ya Aprili na Mei hunyesha mchana, kwa hiyo nenda asubuhi. Ijumaa kuna harusi na muziki, kama unapenda utulivu ipishe.

Je, ningekushauri uende? Ndiyo, na ulipe ada kamili bila kulalamika. Ila ukishapewa risiti, uliza kwa adabu ni kiasi gani kinakwenda kwenye nyasi. Nilianza kuuliza peke yangu mwezi wa Aprili. Mwezi wa Juni tulikuwa watu saba wa kulipia siku tunaouliza, na kamati ikakubali kufungua daftari tofauti la ada za uwanja. Ni daftari la kurasa zilizopigwa mistari kwa rula, linakaa dirishani, yeyote anaweza kulifungua. Julai nililikuta na mistari minne: dizeli ya mashine, kunoa visu, mbolea, na chujio jipya la pampu. Chujio hilo nililifunga mimi.

Grini ya sita ilifunguliwa katikati ya Agosti. Tulifika kabla ya saa mbili asubuhi, umande bado haujakauka, na mzee wa maji alikuwa ameshamaliza grini zote tisa, amekaa chini ya mkaratusi anakunywa uji. Kijana wangu aliweka mfuko chini, akapiga goti, akapitisha kiganja polepole kutoka ukingoni hadi karibu na bendera.

"Kaka, njoo uone," akasema. "Imeanza kulala."