Canon EOS 7D ya mtumba na lenzi ya 55-250: je, inamtosha anayejifunza kupiga picha za michezo ya kasi?

Mwaka jana niliamua kujifunza kupiga picha za michezo ya kasi. Kwa kuwa mfuko wangu haukuruhusu vifaa vya wale wapiga picha wanaokaa pembeni mwa uwanja na lenzi nene kama mabomba ya maji, nilinunua Canon EOS 7D iliyotumika katika duka moja la katikati ya jiji la Nairobi, kisha nikaitafutia lenzi ya Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM. Vyote viwili vilinigharimu pungufu ya bei ya simu mpya ya daraja la kati. Tangu hapo nimevitumia kwenye raga, kwenye kandanda ya mtaani na, zaidi ya yote, kwenye peintiboli, mchezo ambao watu huwindana kwa bunduki za hewa zinazorusha vidonge vya rangi. Ninachokipima hapa ni jambo moja tu: kama vifaa hivi vinamfundisha anayeanza au vinamchelewesha.

Nianze na kamera yenyewe. 7D ilitoka mwaka 2009, na kwa kamera ya dijitali huo ni uzee. Hata hivyo haikuundwa kwa ajili ya wanaoanza: ina ganda la magnesiamu, shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) inayofika 1/8000 ya sekunde, vituo 19 vya kulengea fokasi na uwezo wa kupiga fremu 8 kwa sekunde, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopungua kwa sababu ya miaka kupita. Kinachochakaa ni shata. Canon iliikadiria kudumu kwa mipigo 150,000, na menyu ya kamera haionyeshi imekwisha kupigwa mara ngapi. Muuzaji aliniapia kwamba mwenyewe wa kwanza alipigia harusi mbili tatu tu. Nilipofika nyumbani na kuiunganisha na kompyuta, programu ya kusoma hesabu hiyo ikanionyesha 96,000 na ushei. Bila shaka harusi hizo zilikuwa ndefu. Anayenunua leo aende dukani na kompyuta yake, asome hesabu mbele ya muuzaji, ndipo waanze kupatana bei.

Lenzi ni ya mwaka 2013, ina uzito wa gramu 375, na ikivutwa hadi milimita 250 juu ya kihisi (kipande kinachonasa picha) kidogo cha 7D huonyesha eneo lile lile ambalo lenzi ya milimita 400 ingelionyesha kwenye kamera ya kihisi kikubwa. Mnunuzi azitazame vizuri herufi STM, jina la mota ya fokasi, kwa maana matoleo ya kabla yake yana jina linalokaribiana kabisa na hili, lakini fokasi yao ni ya taratibu na yenye kelele. Sehemu yake inayojishika kwenye kamera ni ya plastiki, lenzi yenyewe haikuzibwa dhidi ya vumbi wala maji, na katika milimita 250 tundu lake la mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi). Hilo la mwisho ndilo litakalomsumbua mwenye lenzi hii kila jioni.

Peintiboli ndiyo iliyonifunza hesabu. Viwanja vingi haviruhusu bunduki kurusha kidonge kwa kasi inayozidi futi 300 kwa sekunde, yaani takribani mita 90. Ukipiga kwa 1/1000 ya sekunde, ambayo inatosha kabisa kumgandisha mwanaraga anayetimua mbio, kidonge husafiri sentimita 9 shata ikiwa wazi, na katika picha hutokea kama mstari hafifu au hakitokei kabisa. Kwa 1/8000 husogea sentimita 1 na kidogo, pungufu ya kipenyo chake cha milimita 17, na hapo ndipo kinapoonekana kuwa kidonge. Chini ya jua kali, lenzi ikiwa f/5.6, kasi hiyo inadai ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya 1000 hivi, na 7D inaimudu bila taabu. Lakini peintiboli huchezwa sana chini ya miti, ambako mwanga hupungua mara nane au zaidi, na hesabu ile ile inakufikisha ISO 8000, mahali ambapo picha za kamera hii hujaa chenga kama televisheni iliyokosa antena.

Wala zile fremu 8 kwa sekunde hazikuokoi. Kidonge kinachorushwa umbali wa mita 15 hukaa hewani kwa chini ya robo ya sekunde, na kati ya fremu moja na nyingine pana moja ya nane ya sekunde. Ukibahatika sana utaambulia fremu mbili, na kwa kawaida ni moja ambayo kidonge kimekwisha kupita. Kwa wiki kadhaa nilishikilia kitufe kama anayemwagia bustani maji, nikirudi nyumbani na picha mia saba za mapipa na matairi ambayo wachezaji hujificha nyuma yake. Zaidi ya hayo, ukipiga kwa faili ghafi (RAW) kumbukumbu ya muda ya kamera hujaa baada ya fremu 25 hivi, yaani sekunde 3, tena hizo 25 ni kwa kamera iliyowekewa programu ya ndani (firmware) ya mwaka 2012. Isiyowekewa huishia 15. Kisha husimama kuandika kwenye kadi, na ni desturi ya mambo mazuri kutokea wakati huo.

Nilipoacha kukimbizana na vidonge ndipo nilipoanza kupata picha. Mchezo wa kwanza wa peintiboli, uliofanyika New Hampshire nchini Marekani mwezi Juni mwaka 1981 kwa bunduki zilizoundwa kutia alama kwenye miti na mifugo, ulishindwa na mtu wa misitu ambaye, kati ya wachezaji 12, hakufyatua hata mara moja. Alinyatia bendera tu. Ninamkumbuka kila ninapopiga magoti. Sasa ninachagua mchezaji mmoja aliyebanwa nyuma ya pipa, ninaweka 1/1600 na ninangoja. Atatoka upande wa kulia au wa kushoto, na kabla ya kutoka bega lake huinuka kidogo. Ninapiga fremu tatu au nne, si ishirini. Rangi inapopasuka juu ya barakoa yake, matone husambaa polepole kuliko kidonge kilivyokuja, na 1/1600 inayadaka.

Kwa upande wa fokasi, mipangilio ambayo kamera hutoka nayo kiwandani haifai kwa kazi hii, na anayeanza asiilaumu kamera kabla hajaibadilisha. Chagua AI Servo, ambayo huendelea kumfuata mlengwa wakati wote. Hamishia fokasi kwenye kitufe cha AF-ON ili kidole gumba kilenge na kidole cha shahada kipige. Kisha, katika menyu ya Custom Functions, punguza wepesi wa AI Servo. Ukiuacha ulivyo, refa akikatiza mbele yako lenzi humrukia refa. Ukiupunguza, kamera husubiri kidogo kabla ya kumwacha yule uliyemlenga. Badiliko hilo moja liliniletea picha nzuri nyingi kuliko mengine yote niliyoyafanya, nami nilichukua miezi minne kuligundua.

Barakoa ni suala la peke yake. Anayeingia ndani ya uwanja wa peintiboli havui barakoa kwa sababu yoyote, awe mchezaji, awe refa, awe mpiga picha, kwa kuwa kidonge kimoja kinatosha kupofusha jicho. Ukiwa umeivaa, huwezi kulifikisha jicho kwenye tundu la kuchungulia la 7D. Unaona katikati ya fremu tu, na pumzi yako inafanya ukungu. Skrini ya nyuma nayo haisaidii, maana fokasi yake katika hali hiyo ni ya kobe. Siku yangu ya kwanza ndani ya uwanja kidonge kilipasuka kwenye mti uliokuwa kando yangu, na rangi ya chungwa ikanyunyizia lenzi, ambayo kikinga jua chake huuzwa peke yake nami sikuwa nimekinunua. Rangi hiyo huyeyuka kwa maji, hivyo kitambaa chenye unyevu kiliimaliza juu ya kioo, lakini tone lililoingia kwenye mkunjo ambamo lenzi hutokeza inapovutwa lilinichukua jioni nzima na kijiti cha pamba. Tangu siku hiyo ninapiga kutoka nyuma ya wavu wa usalama, mdomo wa lenzi ukiwa karibu kabisa na nyuzi na namba ya f ikiwa ndogo iwezekanavyo. Wachezaji wakiwa mbali, nyuzi hupotea katika picha, ingawa rangi hufifia kidogo.

Mazoezi ya bure kuliko yote niliyapata Ngong Road, siku za mawingu, kwa bodaboda. Weka 1/60, simama imara, mfuate mwendeshaji kwa kiuno na si kwa mikono, bonyeza bila kusimama, na uendelee kumfuata baada ya kubonyeza. Picha kumi za kwanza zitakuwa uji. Ya hamsini itamwonyesha mwendeshaji aliye wazi, na maduka nyuma yake yamegeuka mistari. Ustadi huo niliuhamishia kwenye uwanja wa raga wa RFUEA, barabara hiyo hiyo, ambako niligundua kwamba milimita 250 hazifiki upande wa pili wa uwanja, na kwamba hazina haja ya kufika: keti chini kwenye kona, nyuma ya mstari wa trai, na mwenye mpira atakuletea uso wake mwenyewe.

Kwa hiyo ninaipendekeza jozi hii kwa anayejifunza, kwa sharti kwamba atapiga mchana. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na tena kuanzia saa tisa alasiri, inatoa picha ambazo gazeti lingezichapa bila kunung'unika. Saa sita jua huwa utosini na nyuso hugeuka vivuli chini ya kofia, jambo ambalo hakuna kamera inayolitibu. Nunua na kadi mbili za kumbukumbu za CompactFlash pamoja na kisomeo chake, kwa sababu kadi hizo hazipatikani kwenye vibanda vya simu. Mechi zikiendelea hadi saa kumi na mbili na nusu, ISO inafika 6400, kasi inashuka hadi 1/250, na mikono ya wachezaji inaanza kuyeyuka. Hapo huwa ninakunja virago, au, kama kuna anayenilipa, ninakodi lenzi ya f/2.8 kwa siku moja.