Dell OptiPlex 7050 SFF ya mtumba: hela ianzie wapi

Hizi ni zile kompyuta nyembamba za mezani zilizostaafishwa maofisini. Yangu ilikuja na prosesa ya Core i5-7500, RAM ya GB 8 na hadi diski. Naitumia kwa hesabu, kuhariri picha na michezo miepesi, na kwa kazi hizo inatosha. Ila kabla hujalipa, ujue kwamba powa saplai yake ni ya wati 180, ina umbo lake yenyewe, na haina ile plagi ya kawaida ya pini 24. Ikiungua, usitegemee kuokota yoyote dukani, utatafuta ya modeli hiyohiyo. Kila unachotaka kuongeza kipimie kwenye wati hizo kwanza.

Shilingi ya kwanza iende kwenye SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Hadi diski husoma MB 100 hadi 150 kwa sekunde, SSD ya SATA (ile ya kebo) hufika kama 550, na NVMe ya PCIe 3.0 (SSD inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi) hufika hata 3,500. Usibabaishwe na namba hiyo ya mwisho. Kwenye kuwasha mashine na kufungua programu, mruko mkubwa ni ule wa kuachana na hadi diski, na kati ya SATA na NVMe utaona tofauti ndogo. Mimi nilichagua NVMe kwa sababu haihitaji kebo wala nafasi ya diski. Tundu lake la M.2, urefu wa 2280, limejificha chini ya kishikilio cha diski na DVD, hivyo kishikilio chote kinatoka kwanza. Chomeka SSD kwa mshazari, ilaze, kisha ibane kwa skrubu. Kwenye mashine za mtumba skrubu hiyo mara nyingi haipo, kwa hiyo idai dukani kabla hujaondoka.

Halafu kuna mtego. Unawasha na fleshi ya Linux (mfumo mbadala wa Windows) kwa kubonyeza F12, unafika mahali pa kuchagua diski, SSD haionekani. Haijafa. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa F2, tafuta SATA Operation, toa RAID On, weka AHCI. Fanya hivyo kabla ya kuweka mfumo wowote, maana ukibadilisha ghafla wakati Windows imeshakaa, itagoma kuwaka.

RAM ina tundu nne za DDR4, na bodi inabeba hadi GB 64. Nunua vipande viwili vya GB 8 vinavyofanana, usinunue kimoja cha GB 16. Grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM. Kipande kimoja cha kasi ya 2400 kinapitisha GB 19.2 kwa sekunde, viwili 38.4, na kwenye michezo tofauti hiyo unaiona kwa macho. Viweke kwenye tundu zenye vishikio vya rangi moja.

Hapa soma lebo kwa makini. RAM za seva ni rahisi sana sokoni na kwa macho zinakaribia kufanana na za mezani, lakini mashine hii haiwaki nazo. Lebo ya mezani ina maandishi PC4-2400T-U, ya seva PC4-2400T-R. Herufi moja tu, na muuzaji mwenyewe wakati mwingine haijui. Mashine ikigoma, kitufe cha kuwashia hupepesa taa ya rangi ya chungwa kwa mafungu. Hesabu mapigo hayo, yana maana yake kwenye kitabu cha matengenezo.

Kuhusu grafiki kadi, lazima iwe fupi kwa kimo (low profile) na inywe umeme wa tundu lake la kwenye bodi peke yake. GTX 1650 fupi inakula wati 75, prosesa 65. Jumla 140, zinabaki 40 za bodi, diski na feni kwenye powa saplai iliyokwishafanya kazi miaka mingi. Wapo wanaofanya hivyo na inawaka, mimi sithubutu. Tena nyingi ni nene, zinakalia nafasi mbili. Nilichukua GT 1030 ya wati 30. Na hapa nilipigwa: duka liliniuzia yenye kumbukumbu ya DDR4 kwa bei ya yenye GDDR5. Jina moja, ila ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde na ya DDR4 haifiki 17. Angalia boksi, kisha hakikisha kwa programu ya GPU-Z (ya Windows) kabla siku za kurudisha hazijaisha.

Joto nalo. Chini ya feni ya prosesa nilikuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, na pesti ya kupitishia joto imekauka kama chokaa. Prosesa hii ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe, nawe utadhani ni virusi. Legeza skrubu nne kwa mkingamo, futa pesti kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya njegere, rudisha skrubu kidogokidogo, kila moja kwa zamu.

Monita ya 4K ichomeke kwenye DisplayPort. HDMI ya bodi ni 1.4, inaishia picha 30 kwa sekunde, hata kipanya kitaonekana kinaburuta mguu.

Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu, na i5-7500 ni cha 7. Windows 10 nayo iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Yangu ina Linux Mint, na printa na Wi-Fi ya USB zilikubali bila kuweka draiva. Kama programu yako ya uhasibu inataka Windows tu, ongeza hela uchukue 7060, yenye kizazi cha 8. Prosesa ya kizazi hicho usijaribu kuichomeka kwenye 7050, tundu linafanana lakini bodi haiikubali.

Saa ikirudi nyuma kila ukizima umeme ukutani, badilisha betri ya CR2032.