Synology DS223j na kamera ya getini, miezi minne sasa

Wadau nimekaa na hii DS223j ya Synology miezi minne, ile ya diski mbili, ni NAS, yaani kiboksi cha diski unachokiunga kwenye mtandao wa nyumbani kuhifadhi mafaili, nikaona niandike maana wakati natafuta kununua sikupata maelezo ya Kiswahili. Kilichonisukuma ni wizi. Jamaa waliruka ukuta usiku wakang'oa kamera ya getini wakaondoka nayo, na rikodi zote zilikuwa kwenye memori kadi ndani ya kamera hiyohiyo, yaani ushahidi waliubeba wenyewe, iliniuma sana.

Kamera mpya (kampuni siitaji) kwenye boksi wameandika inatuma kwenye NAS, kumbe inajua SMB (njia ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao) toleo la 1 tu, na Synology wameifunga hiyo. Wako sahihi kabisa, kirusi cha WannaCry cha 2017 kilisambaa kwa njia hiyohiyo, usije ukaifungua kisa kamera.

Nikahamia FTP, njia nyingine ya zamani ya kutuma mafaili. Nikatengeneza yuza wa kamera peke yake, asiyeona folda nyingine, nikaweka anwani ya NAS na poti 21, video zikaanza kuingia. Ila jioni nikajifanya mwizi, nikapita mbele ya kamera halafu nikachomoa waya wa umeme palepale, kwenda kuangalia folda hamna kitu! Kumbe inasubiri tukio liishe ndo itume faili, kwahiyo ikizimwa katikati kile kipande unachokitaka ndo hakifiki.

Hapo ndo nikaingia Surveillance Station, programu ya Synology ya kurikodi kamera, na hapa ndo pesa yangu ilipolipa. NAS yenyewe inaivuta video kutoka kwenye kamera kwa RTSP (njia ya kurusha video mubashara kwenye mtandao) sekunde kwa sekunde, haisubiri kutumiwa. Nikarudia jaribio lilelile, sura yangu ipo hadi waya unachomoka. Jamani mkinunua kamera ulizeni kwanza kama ina ONVIF (kiwango kinachoziwezesha kamera za kampuni tofauti kuelewana na vifaa vingine) au RTSP, ambayo inakulazimisha kulipia klaudi yao kila mwezi iacheni dukani.

Nafasi: kamera inayotoa Mbps 4 inakula kama GB 43 kwa siku, diski ya TB 4 inakaa karibu miezi mitatu kwa kamera moja, ukiweka H.265, mfumo unaobana video zaidi, unaokoa zaidi. Leseni za kamera mbili zinakuja bure ila ya tatu unalipia, kwa hilo nawatoa nyota moja, 4 kati ya 5.

Rauta iambie ihifadhi IP ya kamera isibadilike, yangu ilibadilika siku ya pili rikodi zikakata. Na saa pia, kamera ilikuja na UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma ya yetu kwa masaa matatu), tukio la saa nane usiku likaandikwa saa tano usiku, polisi ukiwapelekea hivyo ni tabu, weka UTC+3. NAS yenyewe nimeiweka chumbani kwenye kabati lenye kufuli, nimetoboa matundu nyuma ipumue, na UPS ndogo inabeba NAS, rauta na adapta ya kamera umeme ukikatika.